Kokoto Zinakokwenda

Kambini, 3 Februari

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwanza ndipo nilalamike, maana nikianza na malalamiko utasema sikulelewa. Mimi mzima. Mgongo tu ndio umekuwa wa mtu mwingine, mzee kuliko mimi na mwenye kinyongo.

Umeniuliza kazi yangu hasa ni nini, kwa sababu mumeo anapiga taipu makao makuu ya reli miaka yote hii na hajawahi kuona taruma, lile gogo linalobeba reli, kwa macho yake. Mwambie shemeji hivi. Kuna mahali reli inapita juu ya tuta la udongo katikati ya bonde la matope. Ni mita themanini tu, mtu anazimaliza kabla hajamaliza kupiga mluzi. Hapo reli inazama. Haivunjiki wala haipindiki, inazama polepole kama mtu aliyeketi kwenye godoro bovu. Basi kila Jumatatu sisi sita wa genge tunaweka jeki chini ya reli, tunaiinua mpaka ikae sawa, tunasukumia kokoto chini ya mataruma na kushindilia kwa sururu, kisha tunashusha jeki. Halafu inapimwa kwa kamba na pimamaji, na daftarini inaandikwa: sawa. Jumatatu inayofuata tunaanza tena. Huu mwaka wa pili unakwisha.

Juzi imekuja barua ya pongezi kutoka juu. Nyapara wetu tunamwita Sawasawa, kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila jambo, hata ukimwambia umefiwa. Aliisoma amesimama juu ya rundo la kokoto ili aonekane. Inasema daftari letu ni safi kuliko yote katika njia hii, miezi ishirini na minne bila kasoro. Kwa hiyo tarehe mosi Aprili kile kibao cha njano kinachoziamuru treni zipite hapa kwa kilomita ishirini kwa saa kitang'olewa, na treni mpya ya abiria itapita kwa themanini.

Wenzangu walipiga makofi. Nami nikapiga. Lakini kuna kitu kimenikaa tumboni tangu siku hiyo na sijakijua jina. Huenda ni maharage.

Mama hajambo? Barua yake ya mwisho aliandikiwa na mwalimu jirani, ikawa na adabu kupita kiasi. Sikumsikia mama ndani yake hata kidogo.

Kaka yako

*

Bandarini, 12 Februari

Shikamoo kaka,

Pole na mgongo. Shemeji yako amefurahi kupita kiasi, kwa sababu ile barua ya pongezi aliipiga taipu yeye. Alikuja nayo nyumbani kichwani, neno kwa neno, akanisomea nikiwa naosha vyombo.

Sasa nami nikueleze yangu, maana najua unawaambia watu dada yako ni baharia. Mimi nashusha chupa. Meli yetu ni ya kupima bahari. Tunasimama mahali pasipo na kitu, tunafunga chupa kumi na mbili kwenye waya, winchi inazishusha, na kila moja inafungwa katika kina chake ikiwa na maji ya hukohuko. Bosi wangu ni mama mmoja mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na siku zote anayoitafuta ni ya tatu. Anasema bahari ni nyumba ya ghorofa ambayo wapangaji wake hawasalimiani: maji ya moto juu, ya baridi chini. Miezi fulani upepo husukuma ya juu pembeni, ya chini yakapanda na chakula cha samaki. Mwaka huu tunayasubiri yapande na hayapandi. Kila siku anatazama karatasi zangu kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Nikuchekeshe. Wiki yangu ya kwanza winchi ilikwama. Nikaivuta, nikaishusha, nikaivuta tena, chupa zikafungwa ovyo. Niliona haya kusema. Nikajaza fomu vizuri, na vipimo vikatoka vizuri ajabu, sawa kutoka juu mpaka chini. Mama wa miwani akaangalia, akamwaga maji yote baharini. Hakunikaripia. Alisema, "Bahari iliyo sawa hivi haipo. Ulichopima ni mkono wako mwenyewe."

Niliposoma barua yako nikayakumbuka maneno hayo, ndiyo maana nakuuliza, na usikasirike: ninyi mnapima kabla ya kuinua reli, au baada?

Mama hajambo. Mwalimu anasema siku hizi anachekacheka peke yake. Usiniulize kwa nini.

Mdogo wako

*

Kambini, 19 Februari

Mdogo wangu,

Nimekasirika.

Tunapima baada. Nani anapima kabla? Fundi cherehani anakupima shati kabla hajalishona? Tumefundishwa hivi: kazi kwanza, kipimo baadaye, ili mkubwa ajue kazi imefanyika. Wewe na chupa zako mnaelea huko mkinywa chai. Sisi tunainua chuma chenye uzito wa nyumba, kwa mikono, mvua ikitunyeshea, halafu mtu aje aseme tumepima mikono yetu. Ndiyo, ni mikono yetu. Bila mikono hii hiyo reli ingekuwa mferejini.

Tena daftari analiandika nyapara, si mimi. Mimi nashindilia kokoto na kunyamaza. Ukitaka kuuliza, muulize yeye.

Hapa mvua zimeanza mapema. Nyumba za kambi zinavuja mahali palepale pa mwaka jana.

Kaka yako

*

Kambini, 24 Februari

Mdogo wangu,

Sikungoja jibu lako. Barua ile ya tarehe 19 uichane.

Daftari naandika mimi. Miaka yote miwili. Nyapara haoni vizuri maandishi madogo na anaona haya kuvaa miwani, kwa hiyo aliniteua mimi, kwa kuwa nilifika darasa la saba. Mwandiko wote ule safi uliosifiwa ni wa kaka yako. Nilikudanganya kwa sababu nilipolisoma swali lako nilijua lile la tumboni linaitwaje.

Jumapili nilikwenda tutani peke yangu. Nilikaa juu ya reli nikafanya hesabu ambayo mtoto wa darasa la nne angeifanya, na sisi hatujaifanya. Tangu tuanze, mabehewa ya kokoto yaliyomwagwa pale ni thelathini na moja. Nayakumbuka yote, kwa sababu niliyapakua. Nikapima urefu wa tuta kwa hatua na upana wake kwa mpini wa beleshi. Kokoto hizo zote ukizitandaza juu ya zile mita themanini, zinamfunika mtu mzima aliyesimama. Zinamfunika na kichwa. Na reli iko palepale ilipokuwa siku ya kwanza. Sasa niambie, wewe unayejua mambo ya chini: hizo kokoto zimekwenda wapi?

Jumatatu niliwahi kabla ya wenzangu, nikapima kabla hatujagusa kitu. Imeshuka vidole viwili kwa wiki moja. Kiangazi labda ni nusu kidole, sijui, kwa sababu hakuna aliyewahi kuandika. Nimeandika "sawa" mara mia moja na zaidi, na kila mara ilikuwa kweli kwa saa moja.

Nilimwendea nyapara akiwa ananyoa ndevu. Nilimweleza yote. Hakukasirika, alisikiliza shavu moja likiwa na povu. Aliniambia yeye anajua reli inazama, kila mtu anajua, ndiyo maana tuko hapa. Nikamwambia wa juu hawajui inazama kiasi gani, na treni ya themanini si ya ishirini. Ndipo akasema, "Ukiandika kabla, wataona genge la wavivu. Ukiandika baada, wanaona genge la kazi. Sisi tumewekwa hapa tuonyeshe lipi?"

Lakini nilimsihi mpaka akakubali niandike taarifa moja, ya kawaida, ipande kwa ngazi zake: nyapara, mkaguzi, mhandisi wa wilaya, makao makuu. Nimeandika: reli inashuka vidole viwili kila wiki, kibao kisitolewe. Imeondoka jana.

Usimwambie mama. Ataanza kunipangia safari ya kurudi nyumbani.

Kaka yako

*

Bandarini, 8 Machi

Shikamoo kaka,

Tulikuwa majini siku kumi na mbili. Nimezikuta barua zako zote mbili mezani, nikaanza na ile mbaya. Nimekusamehe kabla sijafungua ya pili.

Sasa nina jambo langu nililokuficha, na baada ya hesabu yako siwezi kuendelea kulificha.

Macho ya mama yamezidi kuharibika. Sikukuandikia kwa sababu alinikataza, anasema ukijua utaacha kazi. Anaona kivuli cha mtu na mwanga wa dirisha, basi. Nimempatia daktari huku mjini, kwa hiyo anahamia kwetu. Tulitaka kukushangaza. Tumemkatia tiketi ya ile treni mpya, siku yake ya kwanza, tarehe mosi Aprili, kwa kuwa inapita kwenye tuta lenu mchana, na yeye alisema anataka apite mahali mwanawe anapofanya kazi hata kama hapaoni. Hicho ndicho kilichokuwa kinamchekesha peke yake.

Nimemwandikia asubiri. Nitakuletea jibu lake.

Halafu nikamgeukia shemeji yako. Nilimtaka aichukue barua yako ya kokoto aiweke mezani kwa mkurugenzi mwenyewe. Aliweka kijiko chini. Anasoma masomo ya jioni ya uongozi wa ofisi, na ana mchoro ukutani wenye visanduku vilivyounganishwa kwa mistari kutoka juu mpaka chini. Alinionyesha kisanduku chake. Kaka, kiko karibu na sakafu. Alisema barua ikiruka ngazi haisomwi, inarudishwa ilikotoka na wino mwekundu, na aliyeileta anaulizwa yeye ni nani. Nikamuuliza, je, mtu akianguka kutoka juu ya nyumba naye anashuka kwa ngazi? Hatujasemeshana tangu jana.

Ila leo asubuhi, kabla hajaondoka, aliniuliza mabehewa ni mangapi. Nikamwambia thelathini na moja. Akaliandika kwenye kiganja.

Umeuliza kokoto zimekwenda wapi. Nilimuuliza mama wa miwani. Alisema matope laini yakilemewa hayakatai, yanapokea. Jiwe linashuka na tope linapanda pembeni, polepole, na kwa juu huoni kitu mpaka siku limeshiba, likaachia ghafla. Nikamuuliza linashiba lini. Alivua miwani zote mbili, akasema hilo halijui mtu anayetazama kutoka juu.

Usiwe na hasira nami kwa jambo la mama.

Mdogo wako

*

Kambini, 17 Machi

Mdogo wangu,

Hasira sina, nafasi yake imejaa vitu vingine.

Umenipa tarehe na umenipa abiria. Zamani nilikuwa nawaza treni. Sasa nawaza mtu mmoja aliyekaa dirishani na mkoba mapajani, asiyeona nje. Najua si haki. Wengine nao ni mama za watu. Lakini moyo hauna adabu ya foleni.

Ile taarifa yangu nimepata habari zake. Mkaguzi alipita wiki iliyopita kuleta viatu vya mvua, nikamuuliza kama aliiona. Alisema ndiyo, ameipandisha. Nikamwomba nione nakala. Nilikoandika "inashuka vidole viwili kila wiki", nyapara alikuwa amesahihisha kwa kalamu yake: "inashuka kidogo na hurekebishwa kila wiki". Nilikoandika "kibao kisitolewe", kumepigwa mstari. Nilimuuliza nyapara kwa nini. Alisema neno "kisitolewe" ni amri, na sisi wa chini hatuamrishi. Hakufanya kwa ubaya. Alidhani ananisaidia niwe na heshima.

Sasa sikiliza, na ukishasoma uikunje barua hii vizuri.

Mkaguzi atakuja na kiberenge, kile kigari chake kidogo cha reli, Alhamisi tarehe 26 kupima mara ya mwisho kabla kibao hakijang'olewa. Siku zote anakuja baada ya Jumatatu yetu, anakuta reli imenyooka kama rula. Safari hii nataka aikute kama ilivyo. Jana Jumatatu tuliinua kama kawaida. Jumatatu ijayo, tarehe 23, hatutainua.

Niliwaambia wenzangu. Walinitazama kana kwamba nimependekeza tule sururu. Mmoja aliuliza mkubwa akija akakuta reli imebonyea, atamfukuza nani, bonde? Jamaa anayeshika jeki, ambaye jina lake lilishasahaulika na sasa anaitwa Jeki tu, alisema mimi nikigoma nigome peke yangu, yeye Jumatatu atashika jeki yake. Nyapara aliingia ndani akafunga mlango.

Kwa hiyo nimeuficha mpini wa jeki. Siandiki ulipo. Bila mpini ile jeki ni jiwe tu.

Niliyoona sikuyategemea. Leo Jeki ameutafuta mpini wake tangu asubuhi. Alipekua stoo, akapekua jikoni, akachungulia hata ndani ya pipa la maji. Kisha akaja akaketi juu ya rundo la kokoto, palepale, juu yake hasa, akawasha sigara. Aliniambia bila kunitazama, "Nimetafuta kila mahali isipokuwa hapa. Na hapa sitafuti, nimechoka."

Ninachoogopa si kufukuzwa. Treni za mizigo bado zinapita kila siku. Zinapita kwa ishirini, na mimi nimeomba zamu ya bendera nisimame pale nizipunguze zaidi, madereva wananitukana. Kila moja ikipita nahesabu mabehewa kama mtu anayehesabu wanawe wakivuka barabara. Ikiwa nimekosea hesabu, ikiwa hilo tope limeshiba wiki hii na si wiki ijayo, basi atakayekuwa amelipindua behewa ni mimi, si bonde. Napima asubuhi na jioni, naandika kabla. Leo ni kidole kasoro kidogo. Ikifika vidole vinne kabla ya tarehe 26, nitautoa mpini na kuinua, na yote yatakuwa bure.

Niambie kama ninafanya ujinga. Barua hii nampa mkuu wa treni ya mizigo mkononi, na jibu mpe yeye yeye, anageuza huko Jumapili.

Kaka yako

*

Bandarini, 22 Machi

Kaka,

Mkuu wa treni yuko mlangoni anakunywa maji, naandika nikiwa nimesimama.

Si ujinga. Usiinue. Pima kabla, andika kabla.

Mama amejibu. Mwalimu jirani safari hii aliandika kama alivyosema, nadhani mama alimsimamia. Nakunakilia: "Mwambie kaka yako kama treni ni mbovu kwangu ni mbovu kwa wote. Mbona hao wengine hamjawaandikia? Mimi nikishuka, nafasi yangu anakaa mtoto wa mtu. Nakuja." Nimesoma mara tatu kutafuta mahali pa kumbishia, sikupaona.

Kuhusu shemeji yako. Taarifa yako imefika makao makuu Jumatano. Imepanda kwa siku ishirini na tatu. Amri ya kung'oa kibao ilishuka kwa siku moja. Alikuja nyumbani na nakala za kila ngazi, akazipanga juu ya kitanda chetu moja baada ya nyingine. Yako. Ya nyapara: "inashuka kidogo na hurekebishwa". Ya mkaguzi: "marekebisho ya kawaida yanaendelea". Ya mhandisi wa wilaya: "hali ya tuta inaridhisha kutokana na marekebisho". Ya mwisho ni fomu ya mkurugenzi. Ina visanduku, na kisanduku cha tuta kina nafasi ya neno moja. Neno lililomo ni "Inaridhisha".

Nikamuuliza nani huyo mwenye akili fupi aliyekata maneno yote hayo. Alikaa kitandani juu ya karatasi. Alisema, "Ni mimi. Kila robo mwaka ni mimi. Maneno hayakuenea."

Kaka, sijawahi kumwona vile. Hakuna aliyesema uongo hata mmoja katika karatasi zile, na zikiisha kupanda hazina ukweli hata punje. Nililala mgongo kwa mgongo naye, lakini sikuweza kumchukia.

Leo ametoka na jambo moja, nalo ni hili, lisome vizuri. Amri ya mkurugenzi haiwezi kuzuiwa na barua yoyote sasa. Lakini ipo kanuni ya zamani: mkaguzi akiwa juu ya reli, akipima kwa mkono wake, akajaza fomu nyekundu ya hatari, mwendo unashuka hapohapo na hakuna ofisi inayoweza kuupandisha mpaka mhandisi mkuu aje mwenyewe asimame pale. Yaani kwenye hilo, wa chini anamshinda wa juu. Mkaguzi wenu huenda hajawahi kuijaza maishani mwake. Huenda hana hata hiyo fomu. Shemeji yako ameiba moja. Iko ndani ya bahasha hii. Yeye ambaye kalamu ya ofisi huirudisha.

Mkuu wa treni amemaliza maji.

Mdogo wako

*

Kambini, 1 Aprili

Mdogo wangu,

Yamekwisha, sasa naweza kuandika.

Jumatatu tarehe 23 hatukuinua. Jumanne ilinyesha tangu asubuhi mpaka jioni. Jumatano kipimo changu kilikaribia vidole vinne. Nilisimama pale na mpini mkononi, nimeshautoa, unatiririka maji. Treni ya mizigo ikaja, nikaipungia bendera mpaka ikawa inatambaa. Mataruma yalikuwa yananing'inia kwenye reli kama meno ya mzee; gurudumu likifika yanashuka, likipita yanapanda. Nilihesabu mabehewa ishirini na sita. Yalipopita yote niliandika kipimo. Kisha nikauficha mpini tena. Sijui mpaka leo kama hiyo ilikuwa akili.

Alhamisi mkaguzi akaja na kiberenge, mwavuli wake na chupa yake ya chai. Kilipofika katikati ya tuta kiliinama upande mmoja, chai yote ikamwagika kwenye suruali. Aliteremka akiwa mwekundu wa macho. Aliuliza kama Jumatatu hatukufanya kazi.

Nyapara alifungua mdomo. Nilijua atasema nini, nikamwahi. Nilimwambia, "Hatukufanya, bwana mkaguzi. Unachokiona ndicho kipimo. Vile vingine vyote vilikuwa mikono yetu."

Akaweka pimamaji lake. Milimita sitini na nne. Kinachoruhusiwa ni kumi. Alipima tena, kana kwamba chombo kingeona haya kikabadili jibu. Nikamwambia mpini wa jeki niliuficha mimi, nikamwonyesha karatasi yangu ya asubuhi na jioni, na hesabu ya kokoto. Alisimama akitazama chini, si reli, chini yake. Alisema fomu kama hiyo hana, hajaiona tangu akiwa mwanafunzi. Nikatoa bahasha. Hakuuliza ilikotoka. Aliijazia juu ya goti, suruali ikiwa bado mbichi. Alipofika kwenye mwendo aliandika kilomita tano kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayekwenda sokoni.

Halafu akatoa fomu nyingine, hizo anazo nyingi, akanijazia mimi. Uzembe kazini. Kuacha reli bila kuinuliwa, kuficha kifaa cha serikali. Aliniambia hawezi kuandika moja bila nyingine, kwa sababu wa juu watauliza ilikuwaje reli ikabonyea ghafla baada ya miaka miwili, na lazima jibu liwe mtu. Alisema kwa upole, nadhani aliona haya. Mwisho wangu ni tarehe 15. Mhandisi mkuu anakuja wiki ijayo na mashine ya kutoboa ardhi, kuangalia kuna nini huko chini, nami sitakuwepo kuziona kokoto zangu.

Basi leo treni ilikuja. Mpya, inang'aa, mabehewa manane, wakubwa wenye tai wamejaa behewa la mbele wakijipepea na kutazama saa. Ilipofika kibao, sasa kimeandikwa tano, ikanyong'onyea, ikaanza kutambaa. Tulisimama ukingoni mwa tuta na mabeleshi kama inavyotakiwa. Nikasikia sauti kabla sijaona mtu. Alikuwa ametoa kichwa dirishani, anamuuliza kila mfanyakazi anayepita mbele yake kama kivuli: wewe ni mwanangu? Jeki akajibu si mimi, mama, lakini ningependa. Aliyefuata akamwelekeza mbele.

Nikatembea kandokando ya dirisha, mkono wangu umeshika chuma cha chini. Dakika tatu, mdogo wangu. Kwa mwendo wa themanini ningeona rangi tu.

Alinishika uso. Aliniuliza mbona nimekonda. Nikamuuliza amejuaje na yeye haoni. Akasema sauti ndiyo imekonda. Akaniambia ana njaa, kiti ni kigumu, jirani yake anakoroma, na mwalimu alimsindikiza mpaka stesheni akalia kuliko yeye. Chini ya miguu yangu nilikuwa naisikia ardhi ikipokea, behewa moja baada ya jingine, na uso wangu ulikuwa mikononi mwake, kwa hiyo nilijizuia usibadilike.

Kisha akaanza kulalamikia treni. Walimwambia itapaa, na sasa inajikokota kama mgonjwa. Akasema, "Nani huyo mvivu anayewachelewesha watu?"

Nikamwambia, "Ni mimi, mama."

Akacheka, akanipiga kofi dogo shavuni, akasema nisifanye mzaha na kazi za watu. Behewa la mwisho likavuka tuta. Dereva akaongeza moto, na mkono wake ukaniteleza.

Atakuwa amefika kwako kabla ya barua hii, na najua hatanyamaza kuhusu mwendo ule kwa wiki nzima. Usimweleze kitu. Mpe chai, mkalishe karibu na dirisha, mwache alalamike mpaka achoke.

Kaka yako